Faili la Salamu

Jumatatu, 3 Machi

Erica ameniachia daftari hili la jalada gumu kabla ya kurudi chuoni Singida. Alisema, "Mama, kama huwezi kuongea na watu, basi andika." Sijui kama nitaweza. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeandika orodha za jumuiya na barua za kanisa tu.

Leo nimeanza kazi. Ofisi ni vyumba viwili hapa Katesh, nyuma ya duka la pembejeo. Bango lake limeandikwa Njia Nyeupe. Ni kampuni. Mama akishikwa na uchungu huko kijijini, watu wake wanapiga namba ya bure, mashine inapokea, wanaeleza shida yao kwa sekunde thelathini, na sisi tunamtafuta mwenye pikapu aliye karibu ampeleke hospitali. Mkubwa wa ofisi ni Meshack, mwenyeji wa Mbeya, umri kama miaka thelathini. Aliniambia, "Habari ya asubuhi, mama," macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Hakusema shikamoo. Nililiona.

Kwenye fomu ya kazi kulikuwa na mstari wa hali ya ndoa. Nimeandika: nimeolewa.

Jumanne, 4 Machi

Mawingu. Mlima haukuonekana kutwa nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kuielewa kazi. Mashine hairekodi tu. Inasikiliza sauti, inageuza kuwa maandishi, halafu inapanga kwenye mafaili matatu: Dharura, Maswali, Salamu. Mimi nakaa na faili la Dharura. Nasoma kilichoandikwa, nasikiliza sauti yenyewe pale palipo na mashaka, nasahihisha majina ya mahali, kisha nampigia dereva.

Hiyo mashine ilifundishwa Kiswahili cha mbali na huku. Kijiji cha Mogitu inakiandika "moja tu". Leo imeleta: "mgonjwa yuko moja tu juu ya shule." Nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu Januari. Meshack akageuka kuuliza kuna nini, nikamwonyesha.

"Ndiyo sababu tumekuajiri, mama," akasema, naye akacheka kidogo.

Nilimuuliza faili la Salamu ni la nini. Akasema hilo halifunguliwi. Ni watu wanaopiga na kusalimia tu kwa kuwa namba ni ya bure. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni linafutika lenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu asubuhi. Njia zimelowa, simu ni chache. Saa nane hakukuwa na kitu kwenye Dharura, na Meshack alikuwa amekwenda benki. Nikafungua Salamu.

Nitaandika sababu yake hapa, maana sitamwambia mtu. Mume wangu Modest alipoondoka, tarehe 9 Januari, nyumba ilijaa. Watu waliketi mpaka kwenye ndoo zilizogeuzwa. Siku arobaini zilipokwisha kila mtu alirudi kwake, kama inavyotakiwa, na mimi nikabaki na viti vya watu ambavyo sijui virudishwe kwa nani. Tangu hapo anayeniuliza habari za nyumbani ananiuliza huku anatembea.

Kwenye faili lile mlikuwa na sauti hamsini na mbili. Mzee mmoja wa Tumati: "Hamjambo huko? Sisi hatujambo. Mvua je, imefika kwenu? Mifugo je? Watoto?" Ikakatika. Mama mwingine: "Haloo, habari za nyumbani?" Nikajikuta nimejibu, nzuri, kwa sauti ndogo, mikono imekaa mapajani. Nilijibu kama saba hivi. Meshack aliporudi nikafunga.

Ijumaa, 14 Machi

Leo katika Salamu kulikuwa na bibi mmoja, nami niliisikiliza sauti yake mara tatu. Naiandika jinsi ilivyo:

"Haloo. Marahaba." Kimya. "Nimesema marahaba ingawa hujaniamkia. Wewe binti, nani alikulea? Haya. Hawajambo huko? Sisi wazima. Ng'ombe wazima, yule mweupe alikohoa lakini sasa mzima. Mvua jana ilinyesha, leo bado. Mimi ni Rogathe wa huku Tumati, mama yake Yohanes. Sasa kilichonipandisha huku kilimani ni huyu mke wa mjuku—"

Hapo sekunde thelathini zikaisha.

Anayemgombeza ni msichana aliyerekodiwa kwenye mashine. Anasema, "Karibu Njia Nyeupe. Tafadhali eleza tatizo lako baada ya mlio." Sauti yake ni nzuri, ya Dar es Salaam, lakini ni kweli, haamkii mtu.

Nikapiga ile namba. Haipatikani. Bibi alikuwa amepanda mahali penye mtandao, akasema, akazima simu asimalize chaji, akashuka.

Saa kumi na moja faili likafutika. Nililitazama likifutika.

Jumatatu, 17 Machi

Bibi Rogathe tena. Alianza upya, maana ni siku nyingine na salamu ni nyingine. Ng'ombe mweupe hajambo kabisa. Alifika kwenye "Paskalina, tumbo lake" ndipo ikakatika. Namba haipatikani.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Lukasi, dereva wetu wa upande wa Tumati, nikamwomba akipita huko amuulizie Rogathe mama Yohanes. Akasema, "Mama Erica, hiyo safari ya kwenda kuuliza itaandikwa wapi?" Nikamwambia asiiandike, anisaidie tu. Akakubali akinung'unika. Lukasi hunung'unika kwanza, halafu ndiyo anafanya.

Ijumaa, 21 Machi

Lukasi amefika kwa bibi. Habari ni hii. Paskalina ni mke wa mjukuu, ana miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, mume wake yuko vibaruani Arusha. Muuguzi wa zahanati amesema mtoto amelala vibaya tumboni, lazima azalie hospitali, mwanzoni mwa Mei. Nyumba iko juu ya josho, ambako kuanzia Aprili njia ya chini huwa haipitiki. Mtandao haupo ila kilimani, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu ya bibi. Kwa hiyo siku yenyewe atapanda mara moja tu, na yote ayaseme kwa hiyo mara moja.

"Nimemwambia bibi, ukipiga usisalimie, sema shida moja kwa moja," Lukasi akasema.

"Akajibuje?"

"Akaniuliza, nimwambie mtu shida kabla sijamwamkia, mimi ni polisi?"

Jumatatu, 24 Machi

Kichwa kinauma. Nimekula makande ya jana.

Jumatano, 26 Machi

Leo Meshack aliniita kwenye kompyuta yake kunionyesha mchoro. Nguzo za rangi. Tumati katika miezi mitatu imepiga simu mia mbili na kumi na mbili. Dharura ni tisa. Nyingine zote, salamu.

"Makao makuu wameshaamua," alisema. "Tumati inafungwa tarehe thelathini Aprili. Huduma inahamia kwenye uhitaji."

"Kuna msichana huko anatarajia Mei mwanzoni, na mtoto hajakaa vizuri."

"Mama, mimi naamini. Lakini data inasema watu wa Tumati wanatuchezea."

"Hawachezi. Wanasalimia."

"Ndiyo hiyo hiyo, kwa mtazamo wa mfumo."

Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimemkasirikia. Anakunywa chai yake bila sukari, anaandika barua pepe, na miguu yake chini ya meza haitulii. Nikawaza, huyu hajawahi kumngoja mtu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimepalilia mahindi nyuma ya nyumba. Mwaka jana Modest aliniambia mistari yangu imepinda kama maandishi yangu. Yake ilikuwa imenyooka hata alipolima kwa jembe, sababu ya yale mazoea ya kuendesha trekta. Aliwalimia watu kuanzia Basotu mpaka Mbulu, na jioni akifika alikuwa anazima injini mbali, pale kwenye miti, aje kwa miguu asimwamshe mtoto. Erica alishakuwa sekondari, naye bado anazima pale pale.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Dharura mbili, zote zimefika.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikutaka kuandika leo, lakini nisipoandika halitatoka.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na homa, nikaruhusiwa mapema, sikusikiliza Salamu. Leo nilikuta mle sauti moja iliyoingia Ijumaa baada ya saa kumi na moja, faili likiwa limeshafutika. Mwanamume wa Mogitu, sauti ya mtu mzima mstaarabu. "Shikamooni huko. Poleni na kazi. Natumaini ninyi ni wazima. Na sisi tunaendelea kwa neema. Mvua ni nyingi mwaka huu. Samahani kwa usumbufu, najua mko na shughuli nyingi, ila nilikuwa naomba, kama inawezekana, mke wangu tangu mcha—"

Sekunde zikaisha.

Nikapiga. Simu ikaita. Nilifurahi kwamba inaita, mpaka akapokea.

Nikajitambulisha. Nikamwambia tumepata ujumbe wake, gari inaweza kutoka sasa hivi.

Akasema, "Asante sana, mama. Tulimzika jana. Yeye na mtoto."

Ni yeye aliyeendelea. "Usijali. Najua mko na watu wengi. Nashukuru umepiga." Akaniuliza kama nyumbani hawajambo. Alikuwa ametoka makaburini jana na ananiuliza kama nyumbani hawajambo. Nikamjibu hawajambo.

Mashine ilikuwa imeandika: "Shikamoo. Pole na kazi. Mvua. Samahani." Aina: Salamu.

Niliichapisha ile karatasi nikaiweka juu ya kibodi ya Meshack alipokuwa nje. Aliporudi akasoma. Nikamsikilizisha sauti. Nikamweleza simu ya leo. Hakusema habari za data. Alikaa. Baadaye akauliza, "Ni ngapi za namna hii?"

Nikamwambia sijui. Zinafutwa kila Ijumaa.

Akafunga mlango wa ndani. Nilimsikia anaongea na makao makuu kwa muda mrefu, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nilikosea nilipoandika kwamba hajawahi kumngoja mtu. Sijui amemngoja nani, lakini yuko.

Jumanne, 8 Aprili

Kitu cha kwanza, Meshack amezuia Salamu isifutike. Hilo liko katika uwezo wake. Kuongeza sekunde hakumo. Makao makuu, Dar, wamekataa, wanasema ujumbe mrefu utaziba laini.

"Wafundishwe," alisema. "Tuweke matangazo kanisani. Piga, taja jina, taja mahali, taja shida."

"Lukasi ameshamfundisha mmoja. Amemuuliza kama yeye ni polisi."

"Sasa tufanye nini, mama?"

Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha, lakini lilipotoka likaonekana dogo. Nikasema, "Mtu akija mlangoni, anayesalimia kwanza ni nani? Wao wanasalimia kwa sababu mashine haisalimii. Ikisalimia yenyewe, watakuwa wameshamaliza."

Akatafakari. "Ule muda wa kabla ya mlio hauhesabiwi," akasema polepole. "Salamu zinaweza kukaa huko." Halafu akasita. "Lakini isalimie vipi? Ikisema shikamoo, na aliyepiga ni kijana wa miaka ishirini? Mashine haijui umri wa mtu."

"Mashine ina umri gani?"

"Hii? Mwaka na nusu."

"Basi kila mtu ni mkubwa wake."

Meshack alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kwao Mbeya asingethubutu kuingia mahali bila kuamkia, ila kwenye mafunzo waliambiwa ofisini wote ni sawa. Nikamwambia ni sawa, ndiyo, ila mimi nina miaka hamsini na moja.

Jumatano, 9 Aprili

"Shikamoo, mama." Ameingia nalo mlangoni, kabla hata ya kukunja mwavuli.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumerekodi sauti yangu. Tulifunga madirisha, tukaning'iniza blanketi kuzuia kelele za mvua kwenye bati. Mara ya kwanza nilisoma kama risala. Meshack akasema, "Mama, usisome. Kuna mtu mlangoni." Mara ya sita ikakubali: "Shikamoo." Nafasi. "Nyumbani hawajambo?" Nafasi. "Haya, nakusikiliza. Mgonjwa ni nani, yuko wapi, na dereva akifika aulize kwa nani?" Kisha mlio. Ameiseti irekodi tangu mwanzo ili tujue watu wanajibu nini.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumekuwa tunasikiliza pamoja, mimi na Meshack, kila mtu na hedifoni yake. Mambo yamekuwa mabaya zaidi.

Wanaitikia marahaba vizuri kabisa. Wanasema hawajambo. Halafu mlio unalia, nao, badala ya shida, wanauliza. "Wewe sauti yako ni ya huku. Wewe ni binti wa nani?" "Uko kwa akina nani?" "Umeolewa wapi, mama?" Wakimngoja mtu ajibu, sekunde zinakwenda. Bibi Rogathe naye amepiga. Amefurahi kwamba msichana hatimaye amejua adabu, na sekunde zote zilizobaki amezitumia kukisia ukoo wangu.

"Yule wa Dar alikuwa mgeni," nikamweleza Meshack. "Mgeni haulizwi ukoo. Mimi naulizwa."

"Basi jitambulishe," akasema. Kwake ni jambo jepesi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimerekodi tena. Baada ya shikamoo nimeongeza: "Mimi ni Mama Erica wa Katesh, mke wa Modest wa trekta." Huku hakuna namna nyingine ya kujitambulisha ukaeleweka haraka. Modest ameingia kwenye mashamba mengi kuliko padri alivyoingia kwenye nyumba.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya Msalaba kwenye matope. Niliketi benchi letu, upande wangu.

Jumanne, 22 Aprili

Sauti za sikukuu zilikuwa themanini na tatu. Sitaki kuziandika zote.

"A, Modest. Huyo ni mtu wetu. Hajambo? Mwambie shamba letu la ngano linamngoja."

"Mke wa Modest, msalimie sana. Mwambie mzee Thadei bado ana ile spana yake."

"Modest yuko? Mpe simu."

Mmoja alicheka tu, akasema, "Modest, yule anayezima trekta mbali." Sikujua kwamba wengine nao walikuwa wamelitambua hilo. Nilivua hedifoni nikaenda nje, nikasimama chini ya bati mvua ikininyeshea miguu.

Wawili kati yao walikuwa na wagonjwa. Wa kwanza alipofika kwenye shida, mlio wa mwisho ukamkata. Wa pili tulimpata kwa bahati.

Jumatano, 23 Aprili

Meshack amekuja kukaa kwenye kiti kilicho mbele yangu. Aliongea akitazama mikono yake.

"Mama, huyu Modest. Watu wanamsalimia sana."

"Ndiyo."

"Kwenye fomu yako umeandika umeolewa."

"Ndiyo."

Naamini alikuwa ameshaambiwa na watu wa duka la pembejeo. Katesh si kubwa. Akasema, "Tunaweza kulitoa jina. Tutafute sauti ya mtu mwingine. Si lazima iwe wewe."

Nikamwambia anipe mpaka kesho.

Nimefika nyumbani mapema, jua bado lipo, nimeketi na daftari hili mezani. Tangu Januari sijalitamka lile neno. Nasema aliondoka. Nasema tangu Januari. Padri alilisema, Erica analisema, limeandikwa kwenye msalaba. Mimi bado. Niliona kwamba nikilisema mimi, hakutakuwa na mtu mwingine aliyebaki wa kulikataa.

Lakini yule baba wa Mogitu aliniambia "tulimzika jana," akalisema kwa sauti iliyonyooka, kwa mtu asiyemjua. Na Paskalina amebakiza siku chache. Bibi atapanda kilimani mara moja. Akifika juu atamsalimia Modest, kwa sababu ana adabu.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumerekodi saa tatu asubuhi. Mara moja tu. "Shikamoo. Mimi ni Mama Erica wa Katesh, mke wa marehemu Modest wa trekta." Meshack aliacha nafasi baada ya hapo bila kuniuliza. Akaninunulia soda.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikuwa nimefikiri watafanyaje. Wanasema pole.

Ni neno fupi. "Marahaba. Ah, pole." "Pole, mama." "Pole, dada, Mungu amlaze." Halafu sauti zinabadilika. Ni kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yenye msiba, hapigi hadithi, anasema kilichomleta na kuondoka. "Mgonjwa ni dada yangu, tuko Tumati chini, aulize kwa Nikolausi fundi cherehani." Sekunde kumi na mbili. Mashine inaandika vizuri hata majina ya mahali, au niseme vibaya kidogo tu.

Leo pole thelathini na nne. Dharura kumi na moja, Tumati pekee sita.

Nimechoka, nimeketi, naandika hivi bila kujua kama nimefurahi.

Jumatano, 30 Aprili

Siku ya kufungwa kwa Tumati. Meshack aliwapelekea makao makuu mchoro mpya wa nguzo asubuhi. Saa tisa wakapiga. Tumati inaendelea mpaka mwisho wa Juni, halafu wataangalia. Hawakufurahi sana. Wanasema kwa kasi hii magari hayatatosha, na kampuni ilipanga hesabu zake kwa dharura chache.

"Walizoea dharura chache," Meshack akasema, "na zilikuwa nyingi siku zote." Akafuta miwani. "Sasa nitawaomba magari. Nao watanichukia." Ana mvi moja juu ya sikio, sikuwahi kuiona.

Jumatatu, 5 Mei

Saa nne na dakika kumi asubuhi.

"Marahaba, mwanangu." Bibi Rogathe, pumzi imemwishia. "Modest? Ah. Pole. Pole sana." Upepo. Mlio. "Ni Paskalina. Uchungu tangu alfajiri. Tuko Tumati juu ya josho, nyumba yenye mabati mapya. Njia ya chini imekatika, apitie kanisani. Aulize kwa Rogathe mama Yohanes." Kisha, polepole, kama anayekagua mzigo kabla ya kuubeba, "Nimemaliza."

Sekunde kumi na tisa.

Nikampigia Lukasi. Alinung'unika kuhusu njia ya kanisani, huku nikisikia anawasha gari. Nikamwambia mgonjwa ni yule wa bibi. Akaacha kunung'unika, ndipo nilipoogopa.

Saa tano na nusu alipiga. Korongo la kanisani lina maji mpaka magotini, amesimama ng'ambo. Nikamuuliza watu wapo. Akasema wapo, wanakuja naye, wamembeba kwenye kitanda. Wanaume sita, na bibi mbele anawafokea wasimtikise. Nilisikia maji na sauti za watu, simu ikakatika.

Kuanzia hapo hakuna kitu. Kulikuwa na sauti nyingine za kusikiliza, nikazisikiliza, nikatuma gari Mogitu, nikaandika majina. Watu walinipa pole nami nikazipokea. Meshack alichemsha chai akaniletea, yenye sukari nyingi, kisha akabaki amesimama nyuma ya kiti changu. Hakuwa na kazi pale.

Saa nane na robo, Lukasi. "Amefika. Wamempeleka chumba cha upasuaji."

Saa kumi kasoro robo: "Mama mzima. Mtoto wa kike, mdogo, lakini amelia. Nimemsikia mimi mwenyewe." Halafu, "Kiti changu cha mbele kimeloa chote, nani atanioshea?"

Nikamwambia mimi nitaosha.

Jumanne, 6 Mei

Nimeosha kiti cha Lukasi. Mvua imepungua.

Alhamisi, 8 Mei

Jua kidogo. Nimeanika maharage.

Ijumaa, 9 Mei

Jioni, tukiwa tunajiandaa kufunga, Dharura moja iliingia kutoka Tumati. Nikarudi kuketi, nikavaa hedifoni.

"Marahaba. Pole tena, mwanangu." Mlio. "Paskalina wamemruhusu, amekaa, anakunywa uji. Mtoto ananyonya. Hilo nimelimaliza. Sasa wewe. Umesema mume ni marehemu. Huyo Erica yuko wapi? Nani yuko na wewe hapo nyumbani? Shamba nani anakulimia? Unakula na nani? Usijibu kwamba hujambo, mimi nimekuwa mjane miaka ishirini, najua. Niambie un—"

Ikakatika.

Kwenye kioo mashine ilikuwa imeshaandika. Mgonjwa: wewe. Mahali: hapo nyumbani. Aulize kwa: Erica. Aina: Dharura.

Ujumbe wa Dharura haufungwi hivi hivi. Chini kuna vitufe viwili, Imeshughulikiwa na Bado, na lazima uchague kimoja ndipo kompyuta ikubali kuzimika. Meshack alikuwa ameshavaa koti, funguo mkononi.

"Mama, ni makosa ya mashine hayo. Bonyeza tu twende."

Nikasoma tena mstari kwa mstari. Nikabonyeza Bado.